Nywele za Mama Shantel

Huku kwetu Kakamega, mtu akishazika hunyoa. Siku chache baada ya mazishi, watu wa nyumbani hukaa uani. Anayemdai marehemu husema, na anayedaiwa naye husema. Kisha bibi mmoja wa ukoo huchukua maji na wembe, na vichwa vya wafiwa husafishwa kimoja baada ya kingine. Wembe ukishapita, maneno yamekwisha. Hakuna tena wa kufufua dai wala kinyongo. Kifo kimefungiwa mlango, na watu warudi shambani. Ndiyo maana soko zima la Eshirembe lilishtuka siku Nasambu alipokataa kunyolewa.

Nasambu ni fundi cherehani. Alizaliwa Butere, karibu na pale reli inapoishia, akaolewa huku na Osundwa, mkulima wa miwa, mtu mpole ambaye ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Kibanda cha Nasambu kinatazama barabara ya murram, na kwa miaka mingi hakuna mtoto wa shule ya pale aliyevaa sare isiyopitia mikononi mwake. Ulimi anao. Mzazi akija kulalamika kwamba kaptura imebana, atajibiwa bila cherehani kusimama: "Kaptura haijabana. Ni mtoto amekula obusuma akashiba. Shukuru Mungu."

Alizaa wavulana wawili. Akaomba msichana, akaomba sana, hata akafunga kula kwa ajili hiyo, ndipo akaja Shantel. Sare ya Shantel ilikuwa na upindo mpana kupita zote shuleni, ili kila akirefuka mama yake aachilie kidogo. Nasambu alisema haiwezekani binti wa fundi aonekane magoti njiani. Upindo ule haukuachiliwa hata mara moja.

Hakuna mtoto wa ukanda wa miwa ambaye hajawahi kuchomoa muwa kwenye trela. Trekta hupita polepole, imejazwa hadi miwa inaning'inia pembeni, watoto hukimbia nyuma, mmoja hushika muwa akavuta, dereva hutukana, watoto hucheka. Mchezo huu ni wa tangu babu zetu walipoanza kukata miwa. Lakini zamani trekta ilivuta trela moja. Siku hizi wasafirishaji, kwa uroho wao usioshiba, hufunga trela mbili, ya pili ikifuata ya kwanza huku ikiyumba barabara nzima. Shantel alikuwa anatoka shule. Alivuta muwa wa trela ya kwanza, muwa ukaja na wenzake, akaanguka. Trela ya pili haina dereva wa kuambiwa simama.

Nasambu alisikia mayowe kutoka kibandani. Alifika akiwa bado na futi ya kupimia shingoni.

Halafu yakaja maneno, na maneno yalimuua Shantel mara ya pili. Mtu wa msafirishaji alifika kituo cha polisi akaandikisha kwamba mtoto yule alikuwa anaiba miwa. Mwizi. Mtoto wa darasa la tatu, na meno ya mbele bado hayajamaliza kuota, ameitwa mwizi kwa ajili ya muwa mmoja wa kutafuna. Kesi ikafia hapo hapo. Trekta ile ile ikarudi barabarani wiki iliyofuata, na msimu ulipofika ikabeba hata miwa ya Osundwa, kwa maana mkulima mdogo hachagui trekta. Osundwa alisimama kando ya shamba lake akitazama trela mbili zikiondoka, akaingia nyumbani.

Siku ya mazishi alikuja Mheshimiwa Mukolwe, mbunge wetu wa Eshirembe. Mukolwe hakosi matangani. Anaweza kukosa bungeni, anaweza kukosa hata kanisani kwake, lakini ukichimba kaburi utamwona. Na Mungu amempa sauti. Wengine wakishika kipaza sauti hukipigapiga kwanza, "haro, haro," yeye hukisukuma kando, akafungua kinywa, na mtu anayepalilia ng'ambo ya mto akainua kichwa.

"Huyu mtoto alikuwa anaitwa nani?" akauliza, akimtazama Nasambu.

"Shantel."

"Nimesikia watu wakimwita mwizi. Mimi nasema mwizi ni yule anayefunga trela mbili mbele ya shule! Nitapeleka mswada bungeni. Trela mbili marufuku. Kando ya trela kufungwe wavu. Na hiyo sheria itaitwa Sheria ya Shantel. Hiki ndicho kipaumbele changu cha kwanza, na kama naongopa, udongo huu unisikie!"

Wanawake walilia upya. Nasambu alikuwa ameshikwa huku na huku, na hakuna aliyedhani ana nguvu ya kusema. Akasema. "Basi mimi sinyoi. Nitanyoa siku hiyo sheria ikipita."

Watu walidhani ni uchungu unaozungumza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wakasema, aachwe. Lakini siku ya kunyoa ilipofika, mama mkwe wake, bibi Khalayi, akaja na beseni na wembe, alimkuta Nasambu amefunga kitambaa kichwani, yuko kwenye cherehani anashona kola.

"Nilisema mbele ya kaburi, mama," akamwambia. "Sitageuka."

Kosa lake lilikuwa hapo, na ni kosa la mtu wa huku tu: alichukua ahadi ya mwanasiasa akaifunga kwenye mila ya msiba. Msiba una siku yake ya kunyoa. Siasa haina. Lakini usimcheke. Mtoto wako akiitwa mwizi na dunia nzima, kisha mtu mkubwa asimame aseme jina lake kwa heshima, wewe pia utamshika kwa mikono miwili.

Mtu asiyenyolewa huwa mzito kwa wenzake. Haingii nyumba yenye mtoto mchanga. Habebi chakula cha harusi. Shemeji yake Willis alikuwa amechumbia, na harusi ikabidi ingoje, kwa sababu huwezi kupiga vigelegele kwenye boma ambalo matanga yake hayajafungwa. Bibi Khalayi, aliyempenda mkwewe kuliko alivyowahi kumwambia, alikuwa akija asubuhi, anakaa mlangoni, anatazama kile kitambaa.

"Mwanangu, kifo chenye hakijafungiwa mlango hutembeanga. Kitarudi."

"Kirudi kichukue nini, mama? Kile kilitaka kimeshachukua."

Mheshimiwa naye aliushika mswada ule, tena kwa bidii, na hapo ndipo ugumu wa hadithi hii ulipo. Kama angekuwa tapeli tangu mwanzo, Nasambu angemjua. Ametapeliwa na wauza vitambaa wa Kakamega mjini mpaka amekomaa. Mukolwe aliandikisha mswada kweli. Ukuta wa ofisi yake ya jimbo aliupaka rangi mpya, akaandika vipaumbele vyake, na cha kwanza kabisa kilikuwa Sheria ya Shantel. Maji, karo na barabara vilifuata chini. Nasambu akienda mjini kununua vitambaa hupita mbele ya ukuta ule, na kila akipita hupunguza mwendo. Kampeni zilipokuja Mukolwe alimwita jukwaani, akamshika mkono, akawaambia watu, "Huyu mama amebeba nywele zake kwa ajili yenu!" Watu wakampa kura. Nasambu mwenyewe aliimba hadi sauti ikamkauka. Alimwombea yule mtu kanisani kwa jina, mara baada ya kuwaombea wanawe.

Mvua zilinyesha, zikakatika, zikanyesha tena. Nywele zilirefuka chini ya kitambaa.

Hatimaye siku ikatangazwa. Mheshimiwa alikodi basi, likajaa watu wa Eshirembe, likapanda Nairobi. Nasambu alikaa na rafiki yake Risper, fundi mwenzake, ambaye mabinti zake walikuwa wakisomeshwa kwa basari ya jimbo, ile inayogawiwa na ofisi ya mheshimiwa. Osundwa alibaki. Alisema ng'ombe watabaki na nani, lakini ukweli ni kwamba aliogopa. Kabla ya kuondoka Nasambu alimwambia bibi Khalayi aweke wembe tayari, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi bibi kizee yule alicheka.

Bungeni wageni huketi juu, kwenye roshani, na huambiwa wasipige makofi wala kunong'ona. Wale wa Eshirembe walikaa wima, mikono magotini. Chini yao viti vya wabunge vilikuwa nusu vitupu. Mukolwe akasimama. Na alizungumza, huwezi kumnyima haki yake, alizungumza kama mzazi. Alieleza trela mbili. Alieleza upindo wa sketi, jambo ambalo Nasambu alimwambia siku moja wakiwa garini. Alielekeza mkono juu roshani, kwa mama yule wa kitambaa, na wabunge wakageuka kumtazama. Nasambu alijisikia amesafishwa. Mwanangu si mwizi, alijiambia. Wakubwa wote hawa wamesikia.

Wengine wakasema yao. Kuna aliyesema kiwanda kitaumia, kuna aliyesema wakulima watakosa usafiri. Kisha Spika akasoma swali la kupigiwa kura.

Bungeni, kura nyingi hupigwa kwa mdomo tu. Spika huuliza, wanaokubali hujibu kwa sauti, wanaokataa hujibu kwa sauti, naye husikiliza ni upande upi umezidi. Hakuna anayeandika nani alisema nini. Ni mpaka wabunge wa kutosha wasimame wadai kura ya majina, ndipo kila mmoja huhesabiwa. Watu wa Eshirembe walikuwa wameelezwa hayo asubuhi, kwa hiyo wote walimkazia macho Spika, mwenye joho. Nasambu peke yake alimkazia macho Mukolwe. Alitaka kuona lile neno likitoka.

"Wanaokubali waseme Ndiyo."

Sauti chache zilisikika, za hapa na pale, nyingine kutoka viti vya nyuma. Kinywa cha Mukolwe kilikuwa kimefungwa. Alikuwa ameinamia karatasi za hotuba yake, anazipanga, kingo kwa kingo, kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi.

"Wanaokataa waseme La."

La ikajaa ukumbi. Hata hapo kinywa chake hakikufunguka. Mama mmoja mbunge wa mbali, ambaye Nasambu hakumjua na hatamjua, alinyanyuka nusu, kama anayetaka kudai kura ya majina, akamtazama Mukolwe, mwenye mswada, amwone kama anasimama. Mukolwe aliendelea na karatasi zake. Yule mama akaketi. Spika akasema waliokataa wameshinda, na shughuli nyingine ikaanza.

Nje, kwenye ngazi, Mukolwe alimshika Nasambu mabega yote mawili. Macho yake yalikuwa mekundu, na huenda machozi yale yalikuwa ya kweli.

"Mama Shantel, wametuzidi. Nimepiga kelele hadi koo limekauka, umesikia mwenyewe. Lakini hatujachoka."

Nasambu alitaka kusema. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini mtu huyu alikuwa amewaleta kwa basi, amewalisha njiani, watu wa nyumbani wote wamesimama pale wanafuta machozi, na yeye alilelewa kutomwaibisha mwenyeji mlangoni pake. "Asante, mheshimiwa," akasema. Asante ile ilimkaa tumboni kwa miezi.

Walipopita Nakuru ndipo alipomwambia Risper.

"Hakusema."

"Nani?"

"Mheshimiwa. Hakusema Ndiyo. Alifunga mdomo."

Risper alimgeukia taratibu. "Mama Shantel, tulikuwa mbali kule juu."

"Mimi ni fundi, Risper. Natunganga uzi kwa sindano. Nimeona."

"Alikuwa ameinama. Mtu akiinama utaona aje mdomo?" Risper akamshika mkono, akaupapasa. "Dada, uchungu hudanganyanga macho. Yule mtu amekupigania. Usianze kusema maneno kama hayo nyumbani, watu watasema huna shukrani."

Nasambu hakumlaumu. Mabinti wa Risper walikuwa bado shuleni.

Osundwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hata wewe ungeuliza. "Na kama angesema, sauti moja ingefanya nini? Si wangeshindwa tu?"

"Wangeshindwa," akasema Nasambu. "Mimi sikuwa nalilia kushinda, Baba Shantel. Watu wote wa dunia wakatae. Lakini yeye alimshika mtoto wangu mkono akamzungusha nchi nzima, na alipofika mbele ya wale watu, akaulizwa kama anamjua, akanyamaza."

Akalia basi, kilio alichokuwa amekizuia tangu kwenye ngazi zile. Osundwa akakaa naye chini, sakafuni, wakalia wote wawili.

Mpwa wao mmoja mwalimu alijaribu kutafuta kumbukumbu za bunge kwa simu. Alipata hotuba yote ya Mheshimiwa, neno kwa neno, hata upindo wa sketi ulikuwamo. Kuhusu kura palikuwa na mstari mmoja tu: swali liliulizwa, likakataliwa. Mwaka ulipoisha, watu wa shirika fulani la Nairobi wanaowapima wabunge walitoa alama zao, na Mukolwe akawa miongoni mwa wachapakazi, kwa kuwa aliandikisha mswada, akauwasilisha, akautetea. Bango lenye picha yake likatundikwa sokoni, likitazamana na kibanda cha Nasambu. Mbona alinyamaza? Wengine walisema alikuwa ameahidiwa kiti kwenye kamati. Wengine walisema wasafirishaji wana mikono mirefu. Mimi sijui, na Nasambu naye hakujua. Huenda aliona tu kwamba kura imeshapotea, akahesabu maadui, akaona neno moja la bure litamgharimu. Aligombana na wakubwa kwa hotuba, kitu ambacho wakubwa husamehe, akawapa heshima yao kwenye kura.

Kwa vyovyote, sheria ilikuwa imekufa, na nadhiri nayo ikafa. Bibi Khalayi alikuja asubuhi moja, akakaa mlangoni kama kawaida yake.

"Sasa tunyoe, mwanangu. Mimi nimezeeka. Sitaki nikuache na hicho kitu kichwani."

"Tunyoe, mama," akasema Nasambu.

Alikubali upesi kwa sababu alikuwa ameshafikiri. Siku ya kunyoa ni siku ya madai. Siku hiyo mtu husema lililo moyoni mbele ya watu wote, na hakatazwi na yeyote, hata awe mwanamke mbele ya wazee wa mumewe. Angesema alichokiona. Wamwamini wasimwamini, lingekuwa limesemwa juu ya jina la mtoto wake, mahali pake, na si kwa kunong'ona kwenye basi. Na alijua kwamba asiposema siku hiyo, asahau. Baada ya wembe hakuna dai. Wiki nzima alishona akiyapanga maneno yale mafupi: ulifunga mdomo, nilikuona.

Ilikuwa Jumamosi yenye jua. Boma la Osundwa lilijaa. Ingokho kadhaa, kuku wa kwetu, walikuwa wameshachinjwa, mchumba wa Willis alikuwa jikoni na wanawake wengine, amevaa leso mpya, kwa kuwa sasa harusi yake imefunguliwa njia. Bibi Khalayi alikaa kwenye kigoda, beseni mbele yake, wembe bado umo kwenye karatasi yake. Nasambu alipofungua kitambaa watu walisogea kutazama. Zilikuwa nyingi, zimesokotana, na mbele zimeingia mvi ambazo hakuna aliyejua zilikuja lini.

Hapo ndipo magari yakaingia. Mukolwe alikuwa amesikia, na matanga hakosi. Alipewa kiti cha mbele. Alisalimu wazee, akasalimu wamama, akatoa leso na sukari, akazungumza. Alisema yeye kushindwa hajui, mswada utarudi. Alisema siku ile bungeni alipiga kelele mpaka Spika akashika masikio. Watu wakacheka, wakapiga makofi.

Kisha Willis, aliyekuwa akiongoza, akasimama. "Mwenye dai kwa marehemu aseme. Marehemu kama ana dai kwa mtu, lisemwe. Wembe ukipita, tumefunga."

Mama muuza mandazi wa pale shuleni akainua mkono, akasema Shantel alikula andazi lake moja akaahidi kulipa kesho, na kwamba yeye amemsamehe. Watu wakacheka kidogo, kisha wakalia. Willis akangoja. Akawa anataka kumpa bibi Khalayi ishara.

"Mimi niko na dai," Nasambu akasema.

Alisimama. Aliona nyuso zote zimemgeukia: Risper, amebana midomo, Osundwa, ambaye alijua kinachokuja na alikuwa anatazama chini, yule mchumba wa Willis mlangoni mwa jikoni, mikono ina unga, na mama mkwe wake, mzee, amechoka, ameshika wembe. Aliona kwamba akisema, siku ya mtoto wake itageuka vurugu. Nusu ya watu watamtetea Mheshimiwa, nusu watanyamaza, na Shantel atazikwa mara nyingine katikati ya kelele za siasa. Maneno aliyoyapanga yakamkwama. Lakini kuketi pia hakuweza.

"Mheshimiwa," akasema, "siku ile Nairobi tulikaa mbali, juu. Mimi sikusikia vizuri. Lile neno la kukubali sheria ya mtoto wangu, nisemee hapa nilisikie. Neno moja tu. Sidai lingine."

Mukolwe alianza kutabasamu, halafu akaacha. Walitazamana. Nasambu aliona kabisa pale Mukolwe alipojua kwamba yeye aliyekaa juu alikuwa amemwona. Na moyo wa Nasambu, ambao alidhani umeshakufa, ukainuka. Kumbe alikuwa anangoja kitu kimoja, na hakujua mpaka wakati ule: mtu huyu aseme, "Mama, nisamehe. Sikulisema." Angemsamehe. Angemsamehe hapo hapo, mbele ya watu, angemkalisha ale ingokho. Alimfungulia mlango ule kwa macho yake yote, akangoja.

"Ndiyo," akasema Mukolwe, chini chini.

"Sikusikia, mheshimiwa."

Yule mtu akapangusa uso kwa kiganja. Akawatazama watu waliojaa uani, wanamtazama yeye. Akasimama, akavuta pumzi, na ile sauti ya matangani ikatoka yote.

"Ndiyo! Ndiyo kwa Sheria ya Shantel! Ndiyo!"

Kuku walikimbia. Barabarani mwendesha bodaboda alisimamisha pikipiki kutazama kuna nini. Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakapiga makofi, na Risper alikuwa analia kwa furaha, anamtikisia Nasambu kichwa kama anayesema, umeona? Lilikuwa neno jepesi kabisa. Lilitoka bila shida yoyote.

"Basi dai limelipwa," Willis akasema. "Mama, nyoa."

Nasambu akapiga magoti mbele ya kigoda, akainamisha kichwa. Maji yalikuwa baridi. Mkono wa bibi Khalayi ulianza nyuma ya shingo ukapanda, na nywele zikaanguka mapajani mwake, nzito. Makofi yalikuwa hayajaisha. Mabega ya Nasambu yakaanza kutikisika, akajaribu kuyazuia asikatwe, yakakataa. Wembe ulikuwa umefika utosini uliposimama. Bibi Khalayi aliinama hadi sikioni.

"Mwanangu," akanong'ona, "kule hakusema?"

Nasambu alizitazama zile nywele. Nusu ya kichwa ilikuwa imeshanyolewa.

"Endelea kunyoa, mama," akasema.